Sanduku la Kufuli Tatu

Mtu atokaye Kariakoo kwa basi la Mbagala, akashuka, akapanda jingine hata akafika Chamazi, hudhani kwamba ametoka mjini. Vivyo hivyo yule ashikaye njia ya Bagamoyo, akapita Tegeta na kufika Bunju na Mabwepande. Aona minazi, aona muhogo nyuma ya nyumba, aona mama ameinama juu ya tuta la mchicha bondeni, kisha asema moyoni, "Hapa sasa ni shamba." Walakini kwa hesabu za Serikali hajatoka Dar es Salaam hata hatua moja. Mji huu ulikuwa na watu 272,821 katika hesabu ya mwaka 1967. Katika hesabu ya mwaka 2022 Mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728. Wakulima wa pembeni hawakuhamia mjini. Mji ndio uliowafuata, ukawakuta wakilima.

Mkulima wa namna hii husahauliwa na pande zote mbili. Asemaye habari za kilimo hutazama Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Asemaye habari za mji hutazama viwanda, bandari na maduka. Benki nayo humwuliza karatasi ya mshahara, naye hana. Humwuliza hati ya shamba, na bonde alimalo pengine ni la mtu mwingine, au ni ukingo wa mto ambao hapana mtu awezaye kupewa hati yake. Hata hivyo mchicha, matembele, bamia na kisamvu tulavyo kila siku sehemu kubwa hutoka mikononi mwake. Basi fedha ya mbegu huipata wapi?

Ndugu msomaji, pita Jumamosi jioni katika mitaa ya Toangoma, Charambe, Mabwepande au Goba. Chini ya mwembe, au katika baraza ya nyumba ya mmoja wao, utakuta watu ishirini au thelathini wameketi, wengi wao akina mama. Katikati pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo za kufuli hizo wamepewa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hapana awezaye kulifungua peke yake, hata angekuwa mwenyekiti. Wakitimia, washika funguo huitwa mmoja baada ya mwingine, sanduku hufunguliwa, na kila mtu huja mbele akanunua hisa kwa fedha taslimu, huku wote wanasikia na kuona. Wahesabu fedha huhesabu kwa sauti. Mihuri hugongwa katika kitabu cha mwanachama, muhuri mmoja kwa kila hisa, hata mama asiyejua kusoma aweza kuhesabu akiba yake kwa kidole. Aliyechelewa hutoa faini. Aliyefiwa au kuuguliwa hupewa kutoka mfuko wa jamii, ambao huchangwa mbali na hisa. Kisha huja mikopo, na hapo ndipo maneno huanza.

Vikundi hivi twaviita vikoba. Jina lenyewe lina kichekesho chake. Lilitungwa kutokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii ya kijiji, nalo lilipofika masikioni mwa Waswahili likasikika kama neno letu wenyewe, wingi wa kikoba, yaani mfuko mdogo wa kuwekea vitu. Watu wakakaa na maana hiyo, wakamwachia Mzungu yake. Si mara nyingi lugha yetu hupata faida ya bure namna hii.

Asili ya jambo hili si ngeni kwetu. Bibi zetu walicheza upatu, na pwani yote hii hucheza hata leo. Watu kumi huchanga shilingi 20,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea 200,000 zote, hata zamu ikazunguka. Ni mchezo mzuri, na umenunua vyombo vingi vya ndani na bati nyingi za nyumba. Lakini una kasoro mbili. Fedha haizai kitu njiani, na mtu wa kumi hungoja miezi kumi, hata kama mtoto wake ameugua mwezi wa pili. Jina la upatu limepata doa pia, si kwa kosa la bibi zetu. Mwaka 2009 watu wengi wa Dar es Salaam na mikoani walipoteza fedha zao katika DECI, ule mpango ulioitwa wa kupanda mbegu, ambamo wa mbele walilipwa kwa fedha za wa nyuma mpaka wa nyuma wakaisha. Serikali ilipoufunga, mpango huo uliitwa upatu katika mashtaka na katika magazeti. Twasema wazi kwamba huko ni kulidhulumu neno. Katika upatu wa kweli kila mtu anamjua kila mtu, na hapana apataye zaidi ya alichotoa.

Namna hii ya sanduku na hisa ilianza mbali na hapa. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akina mama katika jimbo la Maradi, nchini Niger, nchi ya jua kali na mvua haba, ambako benki ilikuwa habari ya watu wa mjini tu. Hawakupewa mtaji. Walifundishwa kutunza fedha yao wenyewe na kukopeshana. Mpango ukasambaa barani, ukafika Zanzibar, katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Jozani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikoba vilikuwa vimeanza kuota Tanzania Bara. Tofauti yake na mpango wa Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh, aliyeanza mwaka 1976 na kupewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2006, ni kubwa. Yunus aliwaletea maskini benki, na fedha ya kukopa ilitoka nje ya kikundi. Katika kikoba fedha hutoka katika pindo la kanga ya mwanachama, na huko ndiko hurudi.

Wazee watakumbuka kwamba tulipata kukatazwa hata kukopa. Katika utawala wa Waingereza ilikuwapo sheria iliyozuia Mwafrika kukopeshwa na wafanya biashara bila idhini ya mtawala. Walisema ni kumkinga asinyonywe. Labda kwa wengine ilikuwa hivyo, lakini ilimkinga pia asipate mtaji wa kufungua duka. Vyama vya ushirika, vilivyopewa sheria mwaka 1932, vilikuwa mlango mmoja. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda KNCU mwaka 1933, na kwa njia ya zao la kuuza nje wakapata nguvu ya kukopa. Mkulima wa mchicha wa Temeke hakuwa na zao la namna hiyo. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, yeye hakuona tofauti yo yote, maana hakuwamo.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kanuni ya vikundi vingi ni kwamba mwanachama aweza kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, alipe katika mwezi mmoja hata mitatu, na atoe riba. Vipo vikundi vitozavyo asilimia 5 kwa mwezi na vipo vitozavyo 10. Tumtwae mama alimaye mchicha kando ya Mto Kizinga. Mchicha huwa tayari katika wiki tatu au nne. Akikopa leo akanunua mbegu na mbolea ya kuku, mwezi haujaisha wachuuzi wamekwisha kuja bondeni kununua matuta yake yakiwa bado ardhini. Analipa deni na riba, abakiwa na chake. Mwenzake afugaye kuku wa nyama hali kadhalika. Vifaranga vya siku moja huwa kuku wa kuuzwa katika wiki nne au tano, isipokuwa ugonjwa ukiingia bandani. Kwa watu hawa wawili mkopo wa kikoba umekatwa sawasawa na mwili wao, kama nguo ya fundi hodari.

Mkulima wa muhogo wa Chanika au Pemba Mnazi ni habari nyingine. Muhogo wataka miezi tisa, na mara nyingi mwaka na zaidi. Mtu akopeshwaye kwa miezi mitatu ili alime zao la miezi kumi na miwili hana la kulipia ila kuuza kitu kingine: kuku wa mayai, mbuzi, au nguvu zake katika kibarua cha kuchimba msingi wa nyumba ya mtu. Basi huacha muhogo akaingia biashara ndogo ya vitumbua, kwa kuwa vitumbua hurudisha fedha jioni ileile. Twasikia wakuu wakilalamika kwamba vikundi vya wakulima vimegeuka kuwa vya wachuuzi. Wasishangae. Mkopo ndio uliowachagulia kazi.

Zaidi ya hayo lipo jambo ambalo wasomaji wengi wa ukurasa huu hawatafurahi kulisikia, kwa kuwa lawahusu wao.

Wafanyakazi wengi wa viwandani na maofisini, waliojenga Mbagala, Chamazi au Bunju kwa sababu viwanja vya katikati havishikiki, wamejiunga na vikoba vya huko. Si vibaya. Kazini mfanyakazi ana chama chake cha akiba na mikopo, nacho hukata mshahara wake kabla haujamfikia. Mtaani akutana na jirani yake mkulima katika sanduku moja. Lakini hawakutani sawa. Kwa kawaida mtu haruhusiwi kununua zaidi ya hisa tano katika mkutano mmoja, na kipimo hicho kiliwekwa makusudi ili mwenye nacho asilimeze sanduku. Hata hivyo tazama hesabu hii, ambayo ni ya mfano tu.

Tuseme hisa ni shilingi 2,000 na kikundi hukutana kila wiki. Mfanyakazi anunua hisa tano kila wiki, na baada ya wiki 52 ana hisa 260, yaani shilingi 520,000. Hakopi, kwa kuwa kazini kuna mikopo ya riba ndogo. Jirani yake mkulima anunua hisa moja kila wiki. Mwisho wa mwaka ana hisa 52, yaani 104,000. Katikati ya mwaka, alipokuwa na akiba ya 50,000, alikopa 150,000 kwa miezi mitatu. Kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi alilipa shilingi 45,000 juu ya deni. Siku ya kuvunja kikoba ikaonekana kwamba kila hisa ya 2,000 imekuwa 2,500. Watu wakapiga makofi. Mfanyakazi akapokea 650,000, faida yake 130,000. Mkulima akapokea 130,000, faida yake 26,000. Lakini yeye alikwisha kutoa riba ya 45,000. Mwenzake hakutoa hata senti.

Watatuambia kwamba mkulima naye alipata mkopo, na mkopo ulimpa mavuno. Ni kweli, wala hatusemi kwamba alidhulumiwa kwa makusudi. Watatuambia pia kwamba bila hisa tano za mfanyakazi sanduku lisingekuwa na fedha ya kumkopesha. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu hatusemi mfanyakazi atoke. Tusemalo ni kwamba riba ya asilimia 10 kwa mwezi isiitwe ndogo kwa sababu tu imetozwa na majirani. Husemwa kila mara kwamba riba ya kikoba hairudi kwa bepari, hurudi kwa wanachama wenyewe. Yafaa kuuliza, kwa wanachama gani? Kikundi chenye wakulima na wenye mishahara ndani yake hapana budi kikae kitako siku moja, kifungue daftari, na kiangalie ni nani akopaye na ni nani agawanaye. Vipo vikundi vilivyokwisha kupunguza riba hata asilimia 5. Vingine vyaweza kuweka riba moja kwa mkopo wa kilimo na nyingine kwa mkopo wa biashara. Hakuna amri ya mbinguni kuhusu asilimia 10.

Walakini anayetaka kujua thamani ya kikoba asikilinganishe na pepo. Akilinganishe na mkopo uitwao kausha damu. Wasomaji wa mitaani wanaujua. Mtu hutoa fedha kwa haraka, hana maswali mengi, na marejesho huanza karibu mara moja, kila siku au kila wiki, mvua inyeshe au isinyeshe. Siku mama akikosa, huja vijana nyumbani, nao huondoka na televisheni, na godoro, na jiko la gesi. Wako akina mama waliohama nyumba usiku kwa sababu ya deni lililoanza kama mtaji wa genge. Mchicha ukizama kwa mafuriko ya bonde, kikoba kitakuita mkutanoni, kitakusema, kitakutoza faini, na mwishowe kitakuongezea muda, kwa kuwa mwenye kushika ufunguo wa pili ni shangazi ya mumeo. Kausha damu haina shangazi.

Mlango wa tatu ni wa Manispaa. Kwa sheria kila halmashauri yapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba, nao wa muda wa kutosha, ndio hasa umfaao mlima muhogo. Lakini taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilifichua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, vikundi vilivyokuwa na katiba na mihuri lakini havina watu. Mwezi Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake, na haukurejea mpaka mwaka 2024, kwa utaratibu mpya. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima, basi, vikundi vya kweli vilifunga kwa sababu ya dhambi ya vikundi hewa. Tofauti ya vikundi hivyo viwili wala si siri. Kikundi hewa hakina siku ya mkutano. Ofisa aliyetaka kukijua angekwenda tu Jumamosi jioni akatazame kama pana sanduku.

Kuhusu sheria, yafaa wanachama wajue kwamba hawako tena nje yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2019, imegawa watoa huduma hizi katika madaraja manne. La kwanza ni la taasisi zipokeazo amana, la pili ni la wakopeshaji wasiopokea amana, la tatu ni la vyama vya akiba na mikopo, na la nne ni la vikundi vya kijamii kama vikoba. Msimamizi ni Benki Kuu, lakini kwa daraja hili la mwisho kazi ya kuandikisha imekabidhiwa serikali za mitaa. Wako walioinuna sheria hii, wakasema Serikali imefuata hata shilingi 2,000 ya mama wa bondeni. Hofu hiyo twaielewa. Lakini kikundi kisichoandikishwa hakiwezi kuomba ile asilimia 10, na siku mweka hazina akikimbia nazo hakina cha kuonyesha polisi ila machozi. Na hukimbia. Kufuli tatu ni ulinzi dhidi ya mwizi mmoja, si dhidi ya watatu waliopatana. Ndiyo maana vikundi vingi sasa huacha sandukuni fedha kidogo tu, nyingine huwekwa benki au katika simu kwa akaunti ya kikundi isiyotoa fedha mpaka wathibitishe watu zaidi ya mmoja.

Limebaki jambo moja dogo, nalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote hayo kwa mtu wa jembe. Ni tarehe.

Vikoba vingi huvunjwa mwezi wa Desemba. Sababu yajulikana. Kuna sikukuu, na Januari shule zafunguliwa. Japo ada ya shule za msingi na sekondari za Serikali imeondolewa, sare na madaftari havikuondolewa. Basi fedha zagawanywa, sanduku labaki tupu, na Januari mzunguko mpya waanza kwa hisa za kwanza. Sasa itazame mvua. Masika ya pwani huanza Machi. Mkulima asafisha shamba Januari na Februari, na wakati huo ndio atakao fedha ya mbegu na ya vibarua. Akienda kukopa akuta sanduku lina mikutano minne au mitano ndani yake, fedha isiyotosha watu watatu, naye mwenyewe ana hisa tano tu za kukopea. Fedha yake ya mwaka mzima ameipokea Desemba, na kufika Februari imekwisha katika mambo ambayo hapana mtu awezaye kuyalaumu.

Kikundi kilichoanza mzunguko wake Machi kitavunja Februari mwaka wa pili, na mwanachama atapokea akiba yake ardhi ikiwa imekwisha kusafishwa na mawingu yanakusanyika upande wa bahari. Mvua za vuli zikija Oktoba, sanduku lina miezi saba ya hisa, laweza kukopesha. Akina mama watauliza juu ya sare za Januari, na swali hilo ni la haki. Vikundi vingine vimelijibu kwa kuweka mchango mdogo wa pembeni, kama ule wa mfuko wa jamii, ambao hugawanywa Desemba peke yake na kuacha hisa mahali pake. Hapatakiwi mfadhili wala semina kwa hilo. Katiba ya kikundi hubadilishwa na wanachama wenyewe, katika mkutano, sanduku likiwa mbele yao.